Goti Lililotoa Unga

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa kupiga vitu kofi. Akiingia karakana, chochote kilichokuwa mezani alikipiga makofi mawili kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, kisha akasema, "Iko sawa." Katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake, sikumsikia hata siku moja akiuliza swali kuhusu kitu alichokipiga kofi.

Mimi nilisomea metali. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuyeyusha alumini kabla hakijafungwa, na nilipopata kazi katika shirika lile la miguu ya bandia nilishukuru, kwa sababu karakana yake ilikuwa nyuma ya Barabara ya Ngong, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka Woodley. Huko ndiko ninakoishi, katika nyumba ambayo mama yangu alipangishwa na baraza la jiji kabla sijazaliwa. Ofisi kuu ilikuwa katikati ya mji, ghorofa ya nane, yenye zulia zito na picha kubwa za watu waliokatwa miguu wakitabasamu. Kazi ya karakana ilikuwa kutengeneza miguu. Kazi ya ofisi, nijuavyo mimi, ilikuwa kupiga picha.

Wazo la magnesiamu lilikuwa lake. Alirudi kutoka safari moja ya ng'ambo na kipande cha metali mfukoni, akakitia mkononi mwangu.

"Madam, shika hii kitu. Si ni kama umeshika mkate?"

Lilikuwa wazo zuri. Nasema hivyo kwa uchungu, maana ningependa kuwa na mkurugenzi mjinga kila upande. Magnesiamu ni nyepesi kuliko alumini, na mtu anayebeba goti la bandia kuanzia asubuhi hadi jioni huujua wepesi kuliko injinia yeyote. Lakini kipande kile hakikuwa magnesiamu tupu. Kilikuwa aloi, yaani magnesiamu iliyochanganywa na alumini na zinki kidogo, na aloi ile ina tabia zake.

"Ni nzuri," nilimwambia, "lakini inataka adabu."

"Adabu gani? Si ni chuma tu?"

"Si chuma."

Akacheka. Siku hiyo nilianza kumdharau rasmi.

Fremu za goti zilikuja zikiwa zimeshamiminwa kwenye kalibu, kazi yetu ikiwa kuzipitisha kwenye tanuru, kuzisafisha na kuziunga. Watu wengi hudhani metali ikishaganda imekwisha. Ukiikata aloi ile, ukaing'arisha na kuitazama kwa hadubini, utaona punje, na kati ya punje na punje utaona nyuzi za alumini zilizojikusanya pembeni, kama mafuta yaliyogandia ukingoni mwa sufuria. Nyuzi hizo na metali inayozizunguka hazipatani. Ukiziweka kwenye maji ya chumvi, hata chumvi ya jasho tu, zinakuwa kama betri, na magnesiamu iliyo karibu nazo ndiyo inayoliwa. Haitoi kutu nyekundu kama ya mabati. Inageuka unga mweupe.

Dawa yake ni moto wenye subira. Unaipandisha polepole hadi joto lipite digrii mia nne, unaiacha hapo muda wa saa kumi na sita, halafu unaitoa na kuipoza haraka. Nyuzi zinayeyukia ndani ya punje, ugomvi unapungua. Ukizidisha moto, nyuzi zenyewe zinayeyuka kabla ya wakati na kuacha matundu. Ukiiacha ipoe polepole ndani ya tanuru, nyuzi zinarudi. Ukiitoa mapema, umepika githeri nusu, mahindi na maharagwe yasiyoiva: kwa macho ni githeri, mpaka uitafune.

Nilitumia miezi minne kuyajua hayo kwa fremu zetu, si kwa kusoma tu. Nilikata vipande, nikavipika kwa namna mbalimbali, nikavitumbukiza kwenye chupa za jamu zenye maji ya chumvi, nikahesabu mapovu. Kisha nikaandika maagizo kwenye kadi nyeupe na kuibandika kando ya tanuru. Mkurugenzi alipita, akaipiga kofi ile kadi. Iko sawa.

Halafu ikaja tarehe ya sherehe. Wafadhili walikuwa wanakuja, watu kumi na wawili wangekabidhiwa miguu mipya mbele yao, na sherehe ingefanyika kwenye bustani ya nyumba yake huko Lavington, kwa kuwa, alisema, karakana "haiko na muonekano." Tanuru letu lilikuwa dogo, liliingiza fremu mbili kwa mara moja. Tarehe ilikaribia na fremu nyingi bado zilikuwa mbichi.

"Masaa nne inatosha," alisema.

"Haitoshi. Kadi iko pale ukutani."

"Madam, hao watu hawakuji kuangalia kadi."

Na kana kwamba hilo halikutosha, akamleta shemeji yake. Shemeji alikuwa fundi wa mageti, mtu mwenye sauti na buti safi sana kwa mtu wa kazi yake. Fremu zikitoka kwenye moto huwa na madoa ya kijivu, na madoa hayapendezi kwenye picha. Kwa hiyo shemeji alikuja na mashine yake ya kupulizia chenga za chuma, ile anayosugulia mageti kabla ya kuyapaka rangi.

"Hizo chenga ni za chuma," nilimwambia. "Zitajipachika kwenye ngozi ya magnesiamu. Zikikutana na jasho, hiyo metali italiwa haraka zaidi. Angalau niachie niioshe kwa asidi baadaye."

Alinitazama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Madam, mimi napigia watu wakubwa mageti, na hakuna geti imewahi kulalamika."

Wakapuliza, wakapaka rangi ya fedha, fremu zikang'aa kama vijiko vya harusi. Jioni yake mkurugenzi aliniletea fomu. "Weka sahihi hapa. Ni ya wafadhili tu." Fomu ilisema kwamba fremu zimetengenezwa kwa kufuata maagizo ya fundi mkuu wa metali. Fundi mkuu wa metali nilikuwa mimi.

Niliweka sahihi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikuogopa kufukuzwa, ningepata kazi kwingine. Ukweli ni mbaya zaidi. Niliwatazama wale wanaume wawili, mmoja na buti zake safi na mwingine na makofi yake, nikasema moyoni: waache waaibike. Nilitaka kuwa mimi niliyekuwa sawa, na nilitaka wakosee mbele ya watu. Waliokuwa wavae fremu zile hawakunipitia akilini hata kidogo.

Siku ya sherehe nilisimama nyuma, karibu na mlango wa jikoni, pamoja na wasichana wa kazi waliokuwa wakisubiri kupitisha sambusa. Watu kumi na wawili walitembea mmoja mmoja juu ya nyasi zilizokatwa vizuri. Wa nne alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, msusi wa Kenyatta Market, ambaye lori lilimkata mguu juu ya goti miaka mingi nyuma. Alitembea bila haraka, mkoba begani, kama anayekwenda kufungua duka. Mkurugenzi aliinama mbele ya kamera na kumpiga makofi mawili kwenye goti jipya.

"Usinipige," mwanamke alisema.

Bustani nzima ikacheka. Mkurugenzi naye akacheka, akidhani ni mzaha. Mimi nilimtazama yule mwanamke usoni, na haukuwa mzaha.

Miezi mitano baadaye alikuja karakana kwa magongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Kwenye bega alikuwa na kiondo.

"Wewe ndiye injinia?"

"Ndiyo, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. Alikimimina kiondo juu ya meza yangu. Ilitoka fremu ya goti ikiwa vipande viwili, na baada yake unga mweupe, mwingi, ukamwagika hadi ukingoni mwa meza.

"Nilidhani ni unga ya chapati," alisema. "Kila jioni nikivua mguu, unga. Jirani yangu sokoni akasema ni poda tu ya wateja. Nikapanguza. Wiki mbili zimepita, nimesimama namalizia mteja, nachovya rasta zake kwa maji moto, hii kitu ikasema 'ta!' Nikaenda chini na beseni."

"Mteja aliungua?"

"Nilimsukuma. Niliungua mimi." Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Nilifanya nini vibaya?"

"Hukufanya kitu," nilisema.

"Mliniambia nioshe na maji na sabuni ya kipande. Ndivyo nilifanya."

"Hukufanya kitu, mama."

Mkurugenzi alikuwa karakana siku hiyo, jambo la nadra, na alitokea kabla sijasema zaidi. Alikitazama kipande, hakukipiga kofi. Akageukia bendeji, kisha akatabasamu tabasamu lake la picha.

"Pole sana, mama. Lakini salon iko na kemikali mingi, si ndio? Labda uliosha na dawa ya kufulia?"

"Nimesema sabuni ya kipande."

"Madam," akanigeukia, "si kemikali ya nywele inaweza kufanya hivi?"

"Jasho linaweza," nilisema. "Tena la mtu yeyote."

Alisema tutaangalia. Ndilo neno lake la kufunga milango. Kisha akaenda kwenye kabati, akamletea fulana mpya yenye jina la shirika kifuani. Mwanamke aliipokea, akaikunjua, akaitumia kukusanya ule unga mezani, akaifunga kama kifurushi na kuiacha mbele ya mkurugenzi. Akaondoka kwa magongo yake. Namna alivyotoka ilinifanya nione aibu ya kusimama upande ule wa meza.

Kesho yake nilifanya nilichopaswa kufanya miezi mitano kabla. Nilikuwa nimehifadhi mabaki ya fremu. Nikakata vipande vitatu vya ukubwa mmoja: cha kwanza kilichopikwa muda wote na kupozwa haraka, cha pili kilichopikwa saa nne, cha tatu kilichopikwa saa nne na kupuliziwa chenga za chuma. Nikavitia katika chupa tatu za maji ya chumvi. Cha kwanza kilitoa povu mojamoja, kwa uvivu. Hata aloi iliyopikwa vizuri haidumu milele bila kufunikwa, na sitadanganya hapa. Cha pili kilitoa mapovu kwa mistari, kufuata zile nyuzi ambazo hazikuyeyuka. Cha tatu kilichemka kama soda iliyotikiswa. Baada ya siku mbili kilikuwa cheusi, na mashimo yake yaliingiza ncha ya penseli.

Nilimpigia mkurugenzi simu nikamwomba aje aone. Alisema nimtumie picha.

Wajumbe wa bodi walikutana nyumbani kwake Alhamisi hiyo, kwa chakula cha mchana. Sikualikwa. Nilitia vipande vitatu vipya kwenye mkoba pamoja na chupa tatu tupu, nikaenda.

"Madam, hauko kwa listi," askari wa getini alisema.

"Najua. Mwambie mpishi nimekuja kuomba chumvi."

Alinitazama, akatazama chupa, akafungua. Nadhani alikuwa amechoka kufungulia magari tu.

Msichana wa kazi alinipa chumvi na jagi la maji, akanifuata hadi verandani kuona yatakayotokea. Wajumbe wanne walikuwa mezani. Mkurugenzi alisimama nusu.

"Hii si wakati yake, madam."

"Itachukua dakika tano."

Nilipanga chupa kati ya sahani, nikamimina, nikatia vipande. Hakuna haja ya kusema mengi mbele ya chupa inayochemka bila moto. Nilieleza kwa maneno machache: hiki kimepikwa sawasawa, hiki nusu, hiki nusu na kikapulizwa chuma. Na goti la yule msusi ni kama hiki cha tatu.

"Hiyo ni sayansi ya shule," mkurugenzi alisema. "Hakuna mtu anaishi ndani ya chupa."

Mjumbe mmoja alikuwa mzee Singasinga mwenye duka la vifaa katikati ya mji, mtu aliyeuza bolti na mabomba maisha yake yote. Alivua miwani, akaiinamia chupa ya tatu kwa muda mrefu.

"Nani alisema saa nne zinatosha?" aliuliza.

Mkurugenzi alianza kuzungumzia ratiba. Mzee alimwacha amalize, kisha akauliza, "Na nani aliweka sahihi kwenye ile fomu?"

"Mimi," nilisema.

Uso wa mkurugenzi ulichanua. Sijasahau furaha ile. "Mnaona? Yeye mwenyewe!" alisema, akanionyeshea kidole na kuwatazama wenzake mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, alikuwa sawa, na nilimdharau zaidi kwa kuwa sawa.

"Nimeona," mzee alisema. "Sasa hao wengine kumi na mmoja wako wapi?"

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mkurugenzi hakujua. Alikuwa na picha zao zote, zimechapwa kwenye karatasi nzito, lakini namba zao za simu hakuwa nazo, wala hakujua wanakoishi. Msichana wa kazi aliyekuwa mlangoni ndiye aliyesema kwamba mmoja wao ni mlinzi wa nyumba ya tatu kwenye barabara ileile. Mlinzi huyo alikuwa akipita mbele ya geti la mkurugenzi kila asubuhi, kwa miezi mitano.

Nilizunguka karibu mwezi mzima na spana na mkoba, nikiwatafuta. Nilianza na yule mlinzi. Alikuwa amezoea kupuliza ule unga kwa mdomo kila asubuhi kama mtu anayepuliza vumbi kwenye redio. Mwingine nilimkuta mtaani Kangemi, akanikatalia kabisa. "Usiniletee mzigo," alisema. "Hii ni nyepesi, nimeizoea." Nikakaa kwenye benchi lake, nikamkwangulia rangi kidogo, tukatazama pamoja kilichokuwa chini yake. Akaninyooshea mguu. Wote niliwafungia fremu za alumini, za zamani, zisizo na sifa yoyote ila kwamba hazivunjiki.

Mkurugenzi hakufukuzwa. Watu wa namna yake hawafukuzwi, wanapandishwa pembeni. Alifanywa mshauri, na nasikia siku hizi hualikwa kwenye hoteli za katikati ya mji kuzungumza juu ya kujifunza kutokana na changamoto. Mwenzangu aliyehudhuria aliniambia kwamba kwenye ukuta alionyesha picha ya chupa tatu. Zilikuwa zangu, hata lebo ya jamu ilionekana. Shemeji bado anapiga mageti.

Msusi nilimwacha wa mwisho, kwa woga. Nilimkuta Kenyatta Market katika kibanda chake, amekaa kwenye stuli ndefu anasuka huku magongo yameegemea kioo, moshi wa nyama choma ukiingia kutoka upande wa pili. Aliniashiria kwa kidevu nisubiri. Nilisubiri mpaka mteja alipokwenda kununua soda, nikapiga goti sakafuni kwenye nywele zilizoanguka, nikamfungia fremu mpya.

"Wewe ulijua?" aliuliza juu ya kichwa changu.

Niliendelea kukaza bolti. "Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Nilisema mara mbili. Halafu nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema ratiba, ningeweza kusema mkubwa ni mkubwa. "Nilikuwa nawadharau," nilisema. "Niliona nikiwadharau inatosha."

Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi kuna wateja nawadharau mpaka naumwa na tumbo. Na bado nawasuka mstari umenyooka."

Nilikaza bolti ya mwisho. Alisimama, akapiga hatua tatu hadi kwenye beseni na tatu kurudi. Mkono wake ulikuwa umepona, umebaki na ngozi ya waridi inayong'aa kuanzia kiganjani.

"Ni nzito," alisema.

"Ni alumini."

"Nimesema ni nzito, sijasema siitaki." Mteja alikuwa anarudi. "Sogea hapo, umekalia rasta zangu."

Mwaka uliofuata tulianza tena kutengeneza fremu za magnesiamu, safari hii bila sherehe. Zinapikwa muda wote, zinapozwa kwa feni mara zikitoka, zinaoshwa kwa asidi na kufunikwa vizuri, na kila mwezi natumbukiza kipande kwenye chupa kabla sijaweka sahihi popote. Zimekwenda kwa watu wengi na hazijatoa unga. Nilimpelekea msusi moja, nikamweleza yote, moto na nyuzi na chenga za chuma, naye alinisikiliza hadi mwisho huku akisuka. Kisha akasema hapana, asante, atabaki na ile nzito.